Nyumba Niliyoiangusha kwa Mdomo

Sehemu ya Tatu

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asihangaike, nitamfungulia mlango aingie. Ushirika wa kahawa ulipopunguza watu, mume wangu Florian, aliyekuwa karani wa mizani, alipewa kiinua mgongo chake, na sisi tukaambiwa tuhame nyumba ya ushirika. Kiinua mgongo chote tukakitia kwenye nyumba kuukuu ya matofali hapa Mbinga, iliyokuwa duka la Mzee Ausi kabla hajahamia Songea. Kuta zilikuwa na nyufa, bati limeoza, sakafu ni vumbi tupu. Fedha ya kununua tulikuwa nayo. Ya kutengeneza hatukuwa nayo.

Nikaenda kwenye jumuiya yetu ya kanisani kuomba watu wa kutusaidia. Nikaona kila mtu anaangalia chini. Ndipo mdomo wangu ukasema kwamba nyumba ile si yetu, ni ya mama mkwe wangu Ottilia, mjane wa kule Ngumbo ziwani, ambaye nyumba yake imeangushwa na mvua.

Nyumba ya mama mkwe wangu haikuwa imeanguka. Ilikuwa imesimama, na mwenyewe yumo ndani anapika.

Hapo niliishia. Leo naendelea, ingawa ningekuwa na pa kujificha ningejificha.

Mnielewe kwanza, hata kama hamtanisamehe. Wazazi wetu Wamatengo walikuwa na ngokela. Unapika pombe, unaita watu, wanakuja na majembe yao, na wao wakiita unakwenda. Hakuna aliyetaja bei. Lakini soko huria lilipoingia, liliingia mpaka kwenye mpini wa jembe. Wanunuzi binafsi walikuja na fedha za kahawa, watu wakazoea kulipwa papo hapo. Ukimwita kijana akubebee matofali, kabla hajakusalimu anakuuliza utampa nini. Nani angeamka asubuhi kwa ajili ya mke wa karani aliyeachishwa kazi? Kwa mjane mzee aliyenyeshewa, hapo watu bado walikuwa na moyo.

Moyo huo ndio niliouiba.

Jumamosi wakaja. Mwenzenu nilitegemea watu wachache, wakaja mpaka wa jumuiya jirani. Mzee Joakim, mwenyekiti wetu, alikuja na wanawe wote na toroli. Wanawake walikuja na ndoo, wengine na unga, mmoja na mkungu wa ndizi kichwani. Hata Protasi alikuja, yule fundi mwashi ambaye bei yake ilikuwa imetushinda. Alikuwa na mwiko na pima maji, akasema hataki hata senti. Mama yake alifia kwenye nyumba inayovuja wakati yeye yuko Songea anawajengea watu.

Nikamshukuru. Nikainamisha kichwa. Jirani yangu Luisa akanishika bega, akanambia nisilie, Mungu huwalipa wanaowakumbuka wakwe zao.

Basi kazi ikaanza. Na mimi adhabu yangu ikaanza hapo hapo, ila sikuitambua.

Protasi alitaka kujua habari za bibi, ili ajenge kwa kadiri yake. Akaniuliza kama magoti yake ni mazima. Mimi sikuwa nimemwona Mama kwa miaka mingi, maana hatukupatana. Nikajibu kwamba magoti yanamsumbua. Mara ngazi za mbele zikavunjwa, ukatengenezwa mteremko. Akauliza kama macho yanaona. Nikasema jioni hayaoni. Wakatoboa dirisha jingine chumbani. Baridi ya huku juu ataiweza, yeye aliyezoea joto la ziwani? Nikasema hataiweza. Wakahamisha jiko, wakalibandika ukutani kwa chumba chake ili apate joto.

Kila nilichojibu kiligeuka tofali.

Sasa nisikilizeni. Nyumba ile niliipendea kitu kimoja tu, dirisha la duka. Dirisha pana, linaangalia njia ya kwenda sokoni, lenye ubao wa kuuzia. Florian hana kazi ya kudumu, watoto wanakua, nikajisemea hapa nitauza chumvi, sukari, mafuta ya taa, kandambili. Kila nilipofumba macho nilijiona nimesimama pale nyuma ya ubao, nampimia mtu sukari.

Protasi akasimama mbele ya dirisha lile, akakuna kichwa.

"Hili la nini kwa bibi kizee?" akauliza. "Wezi watamchungulia tu."

Nikasema taratibu kwamba labda tungeliacha, apate mwanga.

"Mwanga tumeshampa chumbani," akasema Mzee Joakim. "Ziba."

Wakaziba. Na udongo waliozibia ni ule nilioubeba mimi mwenyewe, kwenye ndoo yangu, kichwani kwangu. Nikasimama nikiangalia tofali moja moja linavyopanda.

"Mama Aurelia, mbona unaliangalia dirisha kama unazika mtu?" akasema Luisa.

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Hilo la dirisha lingetosha kwa siku moja, lakini kuna lingine ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu. Nilikuwa nachota makande kuwapelekea wanaume. Nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wanakanyaga udongo pamoja na binti yangu Aurelia, aliyekuwa darasa la saba. Wakamwuliza bibi yake aliponaje.

Nikasikia mtoto anajibu. Alisema mvua ilianza jioni, upepo ukatoka upande wa Malawi, ukuta wa nyuma ukalia kwanza. Bibi akatoka na blanketi na rozari tu. Akasema kuku wote walifunikwa, isipokuwa jogoo.

Wanawake wakasikitika. Mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Mimi sikuwahi kumfundisha neno hata moja. Sikumwambia chochote. Alikuwepo tu siku ile niliposema, akaona nilivyoamini kwamba hakuna njia nyingine, naye akaamini. Na alikuwa anajua zaidi yangu. Mimi sikufikiria hata jogoo.

Ninyi mnaotafuta kibanda chenu cha kwanza, mkiwa hamna cha kutosha, nawaambia kwa mdomo huu huu ulionikosesha. Kaeni kwenye nyumba inayovuja. Wekeni sufuria chini ya tundu. Watoto watalowa, lakini watakauka.

Alasiri Florian akarudi. Alikuwa anazunguka vijijini kumpimia kahawa mnunuzi mmoja binafsi, kibarua tu cha msimu. Sikuwa nimemwambia kitu, nilijua angekataa. Akakuta watu wamejaa juu ya paa na chini. Kabla hajafika mlangoni wakaanza kumpongeza. Umemkumbuka mama yako, baba. Wengi siku hizi wakipata fedha wananunua redio.

Akaniangalia. Nikaangalia ndoo.

Alivua shati, akapanda juu, akapigilia misumari na wenzake mpaka kazi ikaisha. Bati jipya hatukuwa nalo, lakini Protasi alikuwa amechagua yale yaliyo mazima, akayapanga upya, akaziba matundu kwa lami; sakafu nayo alikuwa ameshaisakafia kwa saruji iliyobaki kwenye kazi zake. Watu wakaimba, wakanywa pombe ya mahindi niliyopika, wakaondoka wakitubariki.

Tulipobaki wawili, Florian akakaa kwenye mteremko ule wa Mama.

"Kwani ya Mama imeanguka?"

"Haijaanguka."

"Basi umeiangusha wewe."

Nikamweleza yote. Bei ya Protasi, nyuso za watu, mvua zilizokuwa zinakuja. Akanisikiliza. Kwao kule ziwani, kusema nyumba ya mzee aliye hai imeanguka ni kama kumchimbia kaburi naye anaona. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniuliza tu ni nani atakayekwenda Ngumbo kumwambia Mama.

Mimi nilikuwa nimeshapata dawa. Nikamwambia hakuna haja ya kwenda. Tungekaa kidogo, halafu tuseme tumemwita Mama amekataa, hataki kuacha ziwa na makaburi ya wazee wake. Nani angeshangaa? Wazee wote wa ziwani wako hivyo. Sisi tungeingia kuitunza nyumba kwa niaba yake, na taratibu watu wangesahau.

Florian akasema uongo wangu sasa umezaa, na mimi nimekuwa bibi. Akaingia ndani.

Tukahamia. Nikawaambia watu kwamba ujumbe umepelekwa Ngumbo, tunasubiri jibu. Hakuna ujumbe uliopelekwa.

Ila nilimsahau Rukia.

Rukia ni mwanamke wa sokoni, anauza usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Huteremka mpaka Lituhi, hupita Ngumbo na vijiji vingine vya pwani ile akikusanya magunia, kisha hupanda na lori. Yeye ni Mwislamu, si wa jumuiya, habari ya mvua hakuisikia. Alichosikia ni kwamba Florian amemjengea mama yake nyumba Mbinga. Mtu mwema akisikia jambo jema hulipeleka kwa mwenyewe. Akalipeleka.

Nilikuwa napiga deki sebuleni niliposikia vigelegele barabarani. Nikatoka na kitambaa mkononi. Lori la usipa limesimama, wanawake wa jumuiya wamelizunguka, na Mama Ottilia anashuka. Alishuka mwenyewe, mguu huu, mguu huu, ameshika kuku kwapani, na alipofika chini akanyoosha mkono apokee mkeka wake.

"Bibi, magoti yamepona njiani?" Luisa akamtania.

"Magoti gani?" akasema Mama. Wote wakacheka, naye akacheka, akidhani ndio utani wa watu wa Mbinga.

Nikapiga goti. Shikamoo, Mama. Akaniitikia marahaba, halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe. Akanipa mkono, akaniinua.

Wakamwingiza ndani huku wanaimba. Akapita kila chumba. Akagusa kuta, akagusa dirisha la chumbani, akalishika jiko lilivyobandikwa ukutani. Akauliza ni nani aliyefikiria hilo. Wanawake wakaniashiria mimi.

Mama akakaa kwenye kigoda. Akasema mbele ya wote kwamba ana deni kwangu. Miaka yote amekuwa akiwaambia watu wa Ngumbo kwamba mwanawe alioa mwanamke wa milimani mwenye roho ya jiwe, asiyemjua mama mkwe. Akasema amekosa. Akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Mama mkwe, mtu mzima, ananiomba msamaha mimi. Nilitamani sakafu ile ya Protasi ipasuke. Nikasema hakuna neno, Mama. 

Ndipo akaingia Mzee Joakim, amevaa koti. Akampa Mama mkono, akauweka wa kushoto juu yake.

"Karibu sana, mama yetu. Na pole sana na nyumba."

"Nyumba," akasema Mama.

"Ile iliyoanguka."

Nilikuwa nimeshika kikombe cha togwa nampelekea. Mama hakumwangalia Mzee Joakim. Aliniangalia mimi, kisha Florian aliyekuwa amesimama mlangoni, kisha mimi tena. Sebule nzima ilikuwa imejaa watu wenye huruma.

"Mvua ni mvua, baba," akasema. "Haichagui."

Akapokea togwa, akanywa.

 Asubuhi yake nilimkuta nje, juu ya mteremko, anachambua usipa kwenye ungo. Nikapiga goti kumwamkia. Aliniacha pale pale chini.

"Nyumba yangu ilianguka lini?"

Nikamweleza. Sikuficha, sikuwa na nguvu ya kuficha. Akaendelea kuchambua, anatupa mawe, anatupa majani.

"Ulipoiangusha, mimi ulinitoa au uliniacha ndani?"

"Nilikutoa, Mama."

"Ahsante."

Kuku akaja, akamfukuza kwa mkono. Akaniambia maneno nitakayokufa nayo. Alisema nyumba yake anayo Tereza, mpwa wake, anailalia mpaka ijulikane kama yeye Mama atarudi au hatarudi. Yeye hatamwambia mtu, kwa sababu si yeye aliyesema. Aliyefunga fundo na alifungue.

"Jumapili jumuiya inakuja kubariki nyumba," akasema. "Ukisimama ukasema kweli, Jumatatu napanda lori narudi kwangu, na hii mtabaki nayo. Ukinyamaza, basi ni yangu, kama ulivyowaambia. Nitakaa humu, na nitachagua mimi wa kukaa naye."

Nikaenda kwa Florian nikitaka anitetee. Alikuwa amesikia yote. Akasema mama yake ana huruma kuliko yeye.

Wiki ile nililala na maneno, nikaamka nayo. Nikiwa mtoni nayasema. Nikiwa naosha vyombo nayasema. Ndugu zangu wa jumuiya, nimewakosea. Ni maneno machache, hata mtoto wa chekechea angeyashika. Nikamwita Aurelia, nikamwambia Jumapili atasikia jambo, asiogope, na mambo ya jogoo asiyaseme tena kwa mtu. Akaniuliza, "Kwa nini, mama? Si wamefurahi?"

Jumapili wakaja baada ya misa. Tuliazima mabenchi shuleni, hayakutosha, wengine wakakaa kwenye mikeka. Padre alikuwa vigangoni, kwa hiyo katekista Pankras ndiye aliyeongoza sala, akanyunyiza maji ya baraka kila chumba. Mama alikaa benchi la mbele. Mimi nilikaa ukutani, pale lilipokuwa dirisha langu. Protasi alikuwa karibu yangu, amevaa shati safi, anaikagua kazi yake kwa macho.

Sala ilipoisha, Pankras akauliza kama kuna mwenye neno.

Nikasimama. Mungu ni shahidi wangu, nilisimama.

Mzee Joakim akanyanyua mkono, akacheka. Akasema anajua nataka kushukuru, lakini niwaache wao watangulie. Nikabaki wima. Akaeleza kwamba kazi ya nyumba hii imewagusa wengi. Jumuiya jirani nazo zinataka kufanya hivyo. Wameamua kila kiangazi watamtengenezea nyumba mjane mmoja, bila malipo, kama ngokela ya zamani. Watu wakapiga makofi. Akasema ugumu uko mahali pamoja. Wapo watakaodanganya. Siku hizi watu wamekuwa wajanja, mtu atasema nyumba ya mama yake imeanguka kumbe anajitafutia yeye.

Nikaegemea ukuta, pale lilipozibwa dirisha langu.

"Kwa hiyo tunahitaji mtu," akasema Mzee Joakim. "Mtu wa kwenda kuangalia kwa macho yake, arudi atuambie nani ana shida ya kweli. Tumezungumza, hatukupata taabu. Tumekuchagua wewe, Mama Aurelia."

Luisa akapiga kigelegele. Protasi akanigonga mkono kwa furaha. Nikamtafuta Aurelia, nikamwona kwenye mkeka anatabasamu, anasubiri kuona mama yake atasema nini.

"Unakubali au unakataa?"

Neno hapana lilikuwa linatosha. Ningesema hapana, wangeuliza kwa nini, na mengine yangefuata yenyewe kama maji. Nilikuwa nayo tayari, wiki nzima nilikuwa nayo. Nikamwangalia Mama. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, ananisubiri kama wengine.

Nikasikia sauti yangu.

"Nakubali."

Nyumba ikajaa makofi na vigelegele. Watu wakainuka kunipa mikono. Florian akatoka nje, hakuaga mtu.

Mama hakupiga makofi. Akashika ukingo wa benchi, akasimama, akageuka kuwaangalia watu wote waliomjengea. Pankras akanyoosha mkono, kelele zikapungua, mwisho zikaisha kabisa.

"Nyamazeni," akasema Pankras. "Mwenye nyumba ana neno."